Odeta Alivyojifunza Kuandika Hakuna

Kuna wafanyabiashara wasiojua kununua, hao hufilisika haraka. Kuna wasiojua kuuza, hao hufilisika polepole. Odeta wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alijua kununua na alijua kuuza, ila hakujua kusema hapana. Mtu wa namna hiyo hafilisiki wala hatajiriki. Anachoka tu.

Tulikaa baraza moja pale Mabatini, duka langu na meza yake ya vitenge vikitenganishwa na nguzo. Mimi nauza vifaa vya maabara za shule: neli za majaribio, vibanio, chupa za asidi, na chumvi za kila namna ambazo haziliwi. Nilianza kwa kuokota chupa tupu za dawa na kuwauzia waganga wa miti shamba, nikapanda kidogo kidogo. Kemia yenyewe sikuisoma, niliishia darasa la saba. Naijua upande wa bei. Silva naitreti ni ghali, inakaa kwenye chupa ya kahawia, haipendi mwanga, na mimi simkopeshi mtu. Hayo yamenitosha kusomesha watoto.

Basi mteja akija kwa Odeta kuulizia kitenge cha kijani chenye maua meupe, na Odeta hana, mtu mwenye akili angesema sina, akamwonyesha cha bluu. Odeta alisema, "Kipo dada, kaa kidogo," akamwachia mteja kiti, akatoka mbio kuzunguka maduka ya watu. Alirudi jasho linamtiririka, na mara nyingine amekipata kwa bei ileile atakayouzia.

"Sasa faida iko wapi?" nilimuuliza.

"Nimwambie hakuna? Mtu mzima katembea jua lote hili?"

Hilo alilitoa kwa mama yake. Kwao Nansio, yule mama hakuwahi kumwambia mtu aliyekuja kuomba kitu kwamba hakuna. Chumvi ikiisha ndani, alisema chumvi imesafiri. Unga ukiisha, unga umelala. Mwombaji alielewa, akaondoka mikono mitupu lakini heshima yake iko palepale. Odeta alilelewa humo, na neno hakuna mdomoni mwake lilikuwa jirani na tusi.

Na huyu, kati ya watu wote wa Mabatini, ndiye aliyetaka kuwa mpimaji wa maabara hospitalini.

Sababu alinipa siku moja ya mvua, wateja wote wamejificha kwenye baraza za watu wengine. Mama yake aliwahi kuugua, wakampeleka zahanati. Njiani kila ndugu alimpa ugonjwa wake. Mmoja alisema presha, mwingine malaria imepanda kichwani, shangazi akasema karogwa na anamjua aliyemroga. Walipofika, kijana wa maabara akachukua damu, akachungulia kwenye hadubini, akainua kichwa, akasema, "Malaria hakuna." Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

"Kaka Chenge, kasema hakuna," Odeta aliniambia, macho yamemtoka kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda ngazi. "Na watu wakamwambia asante!"

"Basi nenda kasome ukaseme na wewe."

Hapo ndipo penye kizuizi. Chuo kilitaka angalau D ya kemia, na cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na F. Alikuwa amerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata F. Akarudia tena, F. Masomo mengine yote yalikuwa yanatosha. Wakati huohuo dada yake mkubwa, Suzana, mwenye mgahawa karibu na gati la Nansio, alikuwa anamwita arudi akasimamie jiko.

"Nikianguka safari hii, napanda meli naenda kukaanga samaki wa Suzana," alisema. "Nimeshamkubalia."

Kumkubalia Suzana hakukumchukua muda. Kukubali ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Mimi si mtu wa huruma, na sipendi watu waseme nilimsaidia. Nilikuwa na mteja mwenye bidhaa ambayo Odeta aliihitaji, basi. Mteja huyo ni Mwalimu Mutalemwa, Mhaya mstaafu anayeendesha tuisheni ya kemia Igogo, nshomile kweli kweli, kama tunavyowatania Wahaya kwa kujivunia shule. Nilimfuata.

"Mwalimu, nakuletea mwanafunzi. Wewe mpunguzie ada, mimi nakupa chumvi ya bariamu kwa bei ya urafiki."

"Kumbe urafiki wako una bei, Chenge?"

"Kila kitu kina bei, mwalimu, isipokuwa salamu. Shikamoo."

"Marahaba, Msukuma. Mlete."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala, paa la bati, korongo wanatembea juu yake taratibu kama wakaguzi. Siku niliyopeleka chupa nilikuta kipindi kinaendelea, nikakaa nyuma. Napenda kuona mali yangu inatumikaje. Mwalimu alikuwa na neli mbili, zote zina kitu kama maji. Moja ilikuwa na chumvi ya kawaida, ya mboga, iliyoyeyushwa. Nyingine silva naitreti yangu. Akadondosha hii ndani ya ile. Papo hapo pakaingia weupe mzito kama maziwa yaliyokatika, ukaanza kushuka chini polepole.

"Hayo ni mashapo," alisema. "Vitu viwili vilivyoyeyuka vimekutana, vikazaa kigumu kisichoyeyuka. Sasa tuandike."

Akaandika ubaoni:

AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃

"Mtihani ni wa Kizungu, lakini akili haina lugha. Sikilizeni. Kinachoyeyuka majini, kivunje vipande vyake, kwa sababu mle majini hakikai kizima. Hivyo vipande ndivyo ioni. Kilichotua chini usikivunje, hicho kimeshashikana."

Ag⁺ + NO₃⁻ + Na⁺ + Cl⁻ → AgCl + Na⁺ + NO₃⁻

"Tazama kushoto, tazama kulia. Nani yupo huku na huku na hajabadilika hata kidogo? Huyo ni mtazamaji. Mkateni."

Akapiga mistari miwili ya chaki kwa sodiamu na naitreti upande huu, miwili upande ule. Kikabaki kitu kifupi, kizuri, hata mimi nilikipenda:

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Nilikipenda kwa sababu ndivyo biashara ilivyo. Sokoni watasimama watu kumi wanashauri, wanacheka, wanagusa kitambaa. Wanaobadilishana ni wawili.

Odeta alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa sodiamu na naitreti tunawafuta hivihivi? Si na wao walikuja?"

"Walikuja, ndiyo. Kama wale wanaokuja kwenye kikao cha harusi, wanakunywa soda, wanarudi kwao. Ndoa haiwahusu."

"Lakini walichanga, mwalimu!"

Darasa lilicheka hadi korongo wakaruka. Mwalimu naye alicheka, akafuta chaki kwenye suruali.

"Haya, walichanga. Wapige picha ya ukumbusho. Halafu uwakate."

Akajifunza kukata. Ilichukua muda, maana kila alipopiga mstari juu ya ioni alionekana kama anamfukuza mgeni, lakini alijifunza. Alikariri nani anayeyeyuka na nani hayeyuki: naitreti zote zinayeyuka, chumvi zote za sodiamu na potasiamu zinayeyuka, kloraidi zinayeyuka ila ya fedha na ya risasi, salfeti zinayeyuka ila ya bariamu na ya risasi na nyingine mbili tatu zenye ukaidi. Wateja wake wa vitenge walimkuta anazisema kama litania. Bariamu kloraidi na sodiamu salfeti zikikutana, aliandika Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄ bila kuinua kalamu, chaji zote mahali pake. Nilianza kuhesabu bariamu yangu kuwa haikupotea.

Mpaka siku ya potasiamu naitreti.

Safari hii mwalimu aliimimina kwenye maji ya chumvi ileile ya mboga. Akatikisa. Neli ikabaki angavu, ya kuonea upande wa pili, kama dirisha lililopanguswa.

"Odeta. Unaona nini?"

Odeta alisogea, akaikodolea macho. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Kama... kuna kaweupe kadogo, mwalimu."

"Wapi?"

"Kwa mbali."

"Kwa mbali mpaka Ukerewe!" alisema Queen, binti mmoja mwenye mdomo aliyekaa dirishani, na wenzake wakapiga meza.

Mwalimu hakucheka. Aliomba daftari lake. Odeta alikuwa ameandika kwamba sodiamu na naitreti zimebaki majini, na potasiamu na kloraidi zimeshikana zikatua chini. Kigumu kabisa, na fomula yake.

"Potasiamu kloraidi haiyeyuki?"

"Inayeyuka, mwalimu."

"Ukivivunja vyote, ukakata wote wasiobadilika, kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu."

"Unajua! Sasa hiki ulichoandika kimetoka wapi?"

"Msahihishaji si kauliza, mwalimu? Nimrudishe mikono mitupu?"

Kipindi kilipoisha Mutalemwa alinivuta nje, tukasimama kivulini.

"Chenge, huyu mama kemia anayo. Ataanguka kwa adabu. Nimeangalia kazi zake zote. Swali likiwa na jibu, analipata. Likiwa halina, anabuni, na akishabuni moja anachanganyikiwa na yanayofuata. Watungaji wanapenda kutega kwa hilo. Mimi nafundisha ioni. Malezi ya mama yake siwezi kuyaondoa kwa chaki."

"Unataka nifanye nini?"

"Wewe si ndiye bingwa wa kukataa? Mwaka jana nilikuomba punguzo la vibanio ukaniimbia kwaya nzima. Mfundishe."

Sikuwa na somo lolote. Nilimwambia tu Odeta kwamba asubuhi, kabla vitenge havijachangamka, awe anakaa ndani kwangu, aangalie. Alikaa kwenye sanduku la neli akila karanga, nami nikaendelea na kazi yangu. Siku kadhaa aliona nikisema hapana kwa watu wengi, na kila mara wengi wao walirudi baada ya hatua chache, tukakubaliana. Nikaona hajapata kitu. Alifikiri hapana ni mlango wa kuingilia ndiyo. Mara nyingi ni hivyo kweli, sikatai.

Kisha akaja Shigela, mwalimu anayenunulia shule moja ya njia ya Magu. Alitaka silva naitreti. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za mvua na ng'ombe, akataja bei yake. Nikacheka. Nikataja yangu. Akacheka.

"Bwana Chenge, hii ni kemia au dhahabu ya Geita?"

"Ni fedha, mwalimu. Jina lenyewe linakwambia."

Akapanda kidogo. Nikashuka kidogo. Akasimama. Mimi nami nikasimama pale nilipofika, kwa sababu chini yake nilikuwa nauza hasara. Tukatazamana. Akasema chake ndicho hichohicho alichopewa na shule, hana kingine. Nikamwamini, hakuwa mtu wa kuigiza. Nikamwambia, "Basi leo hakuna biashara, mwalimu. Karibu siku nyingine." Akanipa mkono, akashuka ngazi, akaenda zake.

Odeta alisimama mlangoni anamtazama mgongo. Alisubiri ageuke. Hakugeuka. Alikata kona penye fundi viatu, akapotea.

"Umempoteza!" Odeta alinigeukia kwa uchungu kama kwamba chupa ni yake. "Kaka Chenge, si ungempa hata kidogo tu? Katoka mbali!"

"Sijampoteza."

"Harudi yule."

"Ndiyo, harudi. Sasa kaa nikuulize. Alikuja na nini?"

"Na hela za shule."

"Kaondoka na nini?"

"Na hela za shule."

"Mimi nilikuwa na nini?"

Akatazama rafu. Chupa ya kahawia ilikuwa palepale. "Na chupa."

"Na sasa?"

"Chupa."

"Nani kabadilika hapa?"

Karanga yake ilikuwa imesimama nusu njia kwenda mdomoni.

"Hakuna," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Kuna aliyetukanwa?"

"Hakuna."

"Nikikwambia nilimuuzia nusu chupa, itakuwa kweli?"

"Itakuwa uongo." Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili wote mpaka sanduku likalia. Akachomoa kalamu kwenye nywele, akaandika pembeni mwa katoni yangu, kushoto Shigela, hela, Chenge, chupa, akachora mshale, kulia Shigela, hela, Chenge, chupa. Akawakata wote mmoja mmoja, na mimi akanikata kwa mstari mnene kuliko wa wengine. Pakabaki mshale peke yake.

"Sasa huo ndio unaoandika, mama," nilimwambia. "Na katoni yangu umeiharibu."

Tangu siku hiyo alianza kujaribu. Mara ya kwanza alimwambia mteja "Hakuna cha kijani" halafu akamwomba radhi mpaka mteja akaogopa. Baadaye alisema, "Cha kijani hakuna, dada, kuna hiki cha bluu," na dada akachukua cha bluu. Miguu yake ilipona. Mwisho wa mwezi alikuja kunieleza kwa mshangao kwamba amepata faida bila kukimbia.

Novemba akaingia kwenye mtihani. Jioni ile alikuja moja kwa moja barazani, hajala. Mwalimu Mutalemwa naye alikuwa amekuja, eti kuulizia vibanio, ingawa hakuvitazama.

"Walitega?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Shikamoo, mwalimu. Walitega. Walitoa michanganyiko, tuandike mlinganyo wa ioni kwa kila mmoja. Wa kwanza mashapo, wa pili mashapo. Wa tatu nikavunja, nikakata, nikakata... pakabaki mshale."

"Ukaandika nini?"

"Nilikaa kwanza." Alivuta kiti cha wateja wake, akakaa, kana kwamba anatuonyesha. "Nikamwona yule msahihishaji, mtu mzima, katoka kwake, kashika kalamu nyekundu, anasubiri. Nikasema moyoni, samahani baba, umekuja na chumvi zako, utaondoka na chumvi zako. Nikaandika hakuna mmenyuko, kwa Kizungu chao. Nikapiga na mstari chini."

Mutalemwa akanigeukia. "Chenge, hivi vibanio bei gani?"

"Palepale."

"Ndiyo maana sikupendi," alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Matokeo yalipotoka, Odeta alipata D. Watu wa baraza walitaka kujua kwa nini si B, baada ya kelele zote zile. Niliwaambia chuo kilitaja D, na mtu akilipa bei iliyotajwa mali ni yake. Anayezidisha ni mgeni mjini. Alimpigia simu Suzana palepale mbele yetu. Tulisikia upande wake tu.

"Hapana dada... Hapana, siji... Hapana, si kwamba niko njiani. Siji. Nakwenda chuo." Kisha akasikiliza, akacheka. "Eti anauliza nani kanifundisha ubaya."

Meza ya vitenge akamwachia Gladness, mpwa wa mume wa jirani, ambaye anasema hapana hata kabla hujauliza.

Siku hizi Odeta yuko kwenye maabara ya zahanati moja hapahapa juu kidogo, kando ya mawe. Ana koti jeupe na dirisha dogo la kupokelea watu. Masika yaliyopita nilishikwa na homa, viungo vinauma, mdomo mchungu. Nilijua ni malaria. Mtu mwenye umri wangu anajua. Nikapanda kwake, akanitoboa kidole, nikakaa kwenye benchi na wengine. Aliponiita dirishani alikuwa anafuta mikono.

"Malaria hakuna."

"Tafuta vizuri, Odeta. Mimi mwili wangu naujua."

"Nimetafuta, kaka Chenge. Hakuna."

"Basi tumbo. Homa ya matumbo. Hata kidogo tu, nipate dawa, nisirudi mikono mitupu. Nimepanda kilima chote hiki na jua."

Alinitazama. Nilimjua yule mtu aliyekuwa anakimbia jua lote kutafuta kitenge cha kijani, na nilisubiri. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anakohoa kwa makusudi.

"Umekuja na damu yako, kaka, ondoka na damu yako," alisema. "Ni mafua. Kanywe maji, ulale. Usipopata nafuu kesho kutwa, rudi umwone daktari."

Nilimwambia sawa. Kisha, kwa kuwa hakuna kilichopatikana, nikamwomba anipunguzie bei ya kipimo.

Akasema hapana.